Bei na Kimo

Nyuma ya mlango wa jiko, hapa Hull,
nina safu mbili za penseli.
Ya kushoto ni kimo cha Kombo, kila Idi.
Ya kulia ni bei ya mashine ya gemu,
ile nyeusi, yenye pedi mbili,
inayokaa dirishani Spring Bank
kama bi harusi kabla hajafunuliwa.

Ilianza pauni mia nne na themanini.
Nikacheka, nikanunua viazi.

Ikaja Ijumaa ya ofa, Novemba,
watu foleni tangu alfajiri, pumzi zao moshi.
Mia nne na thelathini.
Nilikuwa nimetoka zamu, miguu imevimba,
usiku kucha nimewageuza wazee kumi na mmoja
ubavu huu, ubavu ule.
Nikasimama mwisho wa foleni dakika tano,
nikatoka.

Subira huvuta heri, nikamwambia mtoto.
Akanijibu kwa Kiswahili changu mwenyewe,
kile kile nilichokuja nacho kutoka Wete:
"Mama, ngoja ngoja huumiza matumbo."
Nani alimtuma ajifunze methali zote mbili?

Mimi kungoja bei nimezaliwa nako.
Baba alirundika magunia ya karafuu chumba cha uani
akisubiri ipande.
Tulilala juu ya utajiri, tukanukia utajiri,
mpaka masika yakapenya paa
na kuvu ikala gunia baada ya gunia.
Yeye alingoja ipande, mimi nangoja ishuke.
Ngoja ni ile ile.

Humu ndani mita ya umeme ndiyo hula kwanza.
Napeleka ufunguo wake dukani kwa Dorota,
kumi ya leo, kumi ya keshokutwa,
na Desemba inakula kama mgeni asiyeaga.
Kinachobaki nakitia kopo la maziwa.
Nikilitikisa, Kombo hunyamaza huko chumbani:
anahesabu kwa masikio.

Kazini wanasema toleo jipya linakuja mwakani,
la zamani litaanguka lenyewe.
Nikarudi kuzitazama zile safu.
Bei inashuka, Kombo anapanda.
Inashuka kwa kidole, anapanda kwa shubiri.
Nikiendelea na akili zangu hizi
zitakutana siku ana ndevu
na mshahara
na hana hamu ya kucheza.

Basi Februari, Jumanne isiyo na sikukuu yoyote,
mvua inanyesha kwa upande,
nikapita duka la rehani.
Mia na tisini. Imetumika. Dhamana miezi mitatu.
Kona moja imechubuka.
Zilikuwa sita kwenye rafu, zimepangana kama matofali.
Nikamuuliza kijana wa kaunta mbona nyingi.
"Huja Januari," alisema. "Watu huzileta."

Njaanuari. Kumbe nayo ilipata viza.
Nikalipa, sarafu za kopo kwanza.
Akazihesabu mara mbili bila kunitazama usoni,
na kwa hilo nilimshukuru.

Usiku Kombo akaiwasha.
Likatokea jina: Callum. Ngazi ya arobaini na moja.
Farasi mweupe, upanga, nyumba kando ya ziwa.
Mtu alikuwa ameijenga nyumba ile ubao kwa ubao
akaondoka taa zinawaka.
Nikamwona mama mwenzangu, mtaa wa pili pengine,
ameibeba mashine kwenye mfuko wa sokoni,
nyuma yake mita inalia.

"Ifute," nikasema, "uanze yako."
Kombo akaitazama skrini muda mrefu.
Kisha akafungua nafasi ya pili,
akaandika jina lake chini ya lile.
"Huenda akarudi," alisema.

Mita ilikuwa imebaki na pauni mbili na peni kumi.
Sikuwaambia, wote wawili.