Kibao cha Gerezani

Fundi Hemedi kapanda ngazi, brashi mdomoni.
Anaitoa, anauliza kutoka juu: "Niandike nini, dada Hetal?"
Chini, kibao cha zamani kimeegemea mapipa ya rangi.
Kutu imekula pembe, jina la babu linasomeka bado:
VITHALDAS, kisha yale maneno ya Kiingereza
yanayohesabu watoto wa kiume tu.

Watoto wa kiume walikuwa wawili.
Jayant alikwenda Toronto, akawa na baridi kama Toronto.
Wa pili ndiye baba yangu, aliyependa kriketi
kuliko misumari. Apumzike.

"Andika kwa Kiswahili," nasema. Hemedi anacheka.
"Basi ni Vithaldas na Wanawe. Nawe umo humo humo.
Kiswahili hakiulizi mwana kavaa nini."
Nikafurahi. Jua la saa nne likanipiga utosini
nami nimefurahi, mwana miongoni mwa wana,
bila hati, bila kesi.

Halafu nikamkumbuka bibi.

Bibi si mwana wa Vithaldas, ni mkewe.
Mama si mwana, ni mkaza mwana.
Na ni wao waliolala na daftari la madeni chini ya mto.

Bibi Sakarben hakuwahi kulitamka jina la mumewe;
mila ilikataza. Alimwita Baba Jayant.
Afisa wa leseni alipouliza, "Duka la nani hili, mama?"
alinyoosha kidole juu, kwenye kibao,
kidole chenye vumbi la saruji,
kana kwamba mwenye duka anakaa mawinguni.

Lakini geji ya bati aliijua kwa kupapasa.
Alijua nani wa Temeke hulipa mwisho wa mwezi
na nani hulipa kwa hadithi.
Miaka ya foleni jina lake likawa mzaha,
maana Sakar kwetu ni sukari. "Mama Sukari, ipo?"
"Ipo hii moja," alijibu, "na haipimwi."
Wachukuzi wakacheka mpaka wakatua mizigo.
Wanawake wa ukoo hawakucheka.

Mama alikuwa na cheti cha uhasibu
kilichokunjwa ndani ya sari ya harusi.
Alipiga hesabu za nondo nyuma ya pazia;
namba zikapenya kitambaa,
zikatokea kinywani mwa baba.

Mimi sina pazia. Nina mashine ya risiti,
nina lipa namba, nina miaka thelathini na minane
ambayo shangazi zangu huitaja hekaluni Kisutu
kama watu wanaotaja homa.
Nimelala Chalinze ndani ya fuso lililokufa,
dereva nje kwa heshima, mbu kwetu sote.
Bado kila wiki yuko mteja anayetazama nyuma yangu:
"Bosi yupo?"
Nageuka, natazama pia. Tunamtafuta pamoja.

Nikapiga simu Upanga. Mama akaiweka sikioni mwa bibi.
"Bibi, kibaoni niandike nani?"
Kimya. Feni ilisikika.
Kisha akalitaja la babu, lote, wazi,
Vi-thal-das, kama mtu anayeonja chumvi,
mara ya kwanza tangu aolewe,
na ujane wenyewe una miaka ishirini na sita.
"Haya, nimelisema," akasema. "Sasa lishuke."

Mama hakutaka jina lake lipakwe popote.
Aliomba kiti. Mbele, karibu na mlango,
panapopita upepo.

Hemedi alimaliza saa tisa:
SAKARBEN, kwa nyekundu. VIFAA VYA UJENZI.
Nyundo aliichora bure.
Rangi haijakauka, Toronto ikapiga: "Na babu je?"
Nikamwambia babu amekaa juani miaka hamsini na mitatu,
mwacheni aingie ndani.

Jioni nikampelekea bibi picha.
Akaileta simu puani, akapitisha kidole
herufi kwa herufi, polepole, kama anayekagua bati.
"B imeinama," akasema.
"Usimlipe yote."