Skrubu

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka,
nilikuwa nikihesabu karabai zangu ziwani
kutoka juu ya mawe ya Kirumba:
ile inayopepesa ni ya Bugumba, ngozi ya pampu imekauka;
ile nyeupe kupita zote ni ya mama Nyachiro,
nilimfungia utambi mpya jana saa kumi.
Mji mzima ulielea pale majini
na diwani wake nilikuwa mimi.

Miaka kumi na tisa nimenuka mafuta ya taa.
Mke wangu alizoea. Wali haukuzoea.
Nyanzobe, binti wa dada yangu, kifua kilimbana
kila nilipojaribu taa kibandani;
nikamwambia toka nje, akatoka,
na nje nako taa.

Akaja kijana mpole, kishikwambi mkononi.
Mtumbwi mmoja taa ngapi? Nne.
Taa moja lita ngapi kwa usiku?
Akazidisha, akazidisha tena kwa mwalo mzima,
akanionyesha tani za moshi nilizopeleka juu.
Sikumbishia. Ziwa nimeliona likipanda
hadi likaingia choo cha shule bila hodi,
na vuli siku hizi inakuja na kalenda yake.
Nilimuuliza tu: hapo chini ya tani,
kuna mahali pa kumwandika Lukelesha,
msaidizi wangu, mwenye vidole vya kushona?
Akatafuta, akapandisha, akashusha.
Akasema, "Hapo hamna."

Taa za jua zikaja. Mwenye haki apewe yake:
hazinuki, hazidai mafuta,
na dagaa hawajui tofauti.
Bugumba, kwa alichookoa, kaezeka bati.
Nyanzobe analalia ubavu autakao.
Lukelesha yuko Geita, anasaga mawe
kwa injini ya dizeli inayokohoa mchana kutwa.
Moshi ule sijui unaandikwa kwenye tani za nani.

Mwezi wa nane ya kwanza ikazimika.
Wakaniletea mimi; wangempelekea nani?
Nikaigeuza. Nikaigeuza tena.
Haina skrubu.
Gundi pande zote, kama mdomo wa aliyekula kiapo.
Nikaipasua kwa kisu cha samaki:
waya mwekundu umeachia, basi,
kazi ya dakika tano.
Lakini ganda limeshapasuka,
na maji hayasubiri kukaribishwa.
Kumi na saba ziko kwenye kiroba, nyuma ya mlango.

Kijana aliacha namba.
Mimi nasema, Nyanzobe anabonyeza:
Moshi chukueni, hatuudai.
Ila hizo zijazo zitieni skrubu nne,
hata tatu,
za nyota au za bapa, bisibisi zote ninazo.

Ujumbe umesomwa. Jibu bado.
Nauli ya Lukelesha kutoka Geita
nimeiweka ndani ya tangi la karabai ya mwisho.
Nimeinusa leo asubuhi.
Imeshaanza kunuka kazi.