Kufubaa

Aliniambia msimu wa kupogoa,
mizabibu ya Mpunguzi imebaki vijiti vitupu
na mikono yetu inanuka salfa.
"Sechelela," akasema, hanitazami,
"mimi nameza dawa. Mwaka wa sita huu.
Nimeona nikwambie kabla hujanipikia."

Kabla hujanipikia!
Kana kwamba hatari imo chunguni.
Nilitaka kucheka, nikashindwa,
nikaendelea kukata, shina la tano, la sita,
hadi nikajikata kidole.
Ndahani akanyoosha mkono
kisha akaurudisha.
Mkono ule uliorudi
ndio ulionipeleka zahanati.

Maana mimi nimezika mume.
Tulisema kifua. Tulisema karogwa.
Kila jina tulilitaja isipokuwa lenyewe.
Baada ya matanga nilipimwa mara nne,
mara nne nikakutwa salama,
mara nne sikuamini.

Nesi Foibe ana sauti ya kunadi karanga stendi,
foleni nzima ilisikia: "Uliza, mama. Hapa si kanisani."
Nikauliza.
Kikombe kimoja? "Nyweni."
Mlenda, bakuli moja? "Kuleni."
Mbu? "Mbu angebeba, Dodoma angebaki nani?"
Mkasi wa kupogolea?
Hapo akatua kalamu.
"Damu ni damu. Osheni mkasi, fungeni kidonda,
kila mtu na wembe wake.
Ila wewe hukuja kwa ajili ya mkasi."

Sikuja kwa ajili ya mkasi.

"Ana njia chache," akasema. "Damu, shahawa,
majimaji ya ukeni, maziwa ya mama.
Ninyi mmemchorea ramani ya nchi nzima,
halafu mlango wenyewe mmeuacha wazi."

Akaniambia dawa haziui, zinafubaza.
Nikalishika neno hilo.
Nina kanga ya harusi, imeanikwa juu ya minyaa
kwa jua la Septemba kumi na tisa;
maneno yapo, hayajatoka,
lakini hakuna awezaye kuyasoma.
Basi ndivyo, akasema. Kirusi kimo,
kipimo kinatafuta, hakikioni,
na kisichoonekana hakivuki kitandani.
Mradi asiruke dozi. Mradi apimwe tena na tena.
"Usiulize uso. Uliza karatasi."

(Marehemu alikuwa na uso mzuri.
Alinenepa mwaka ule, tukamsifu.)

Akaleta gunzi la mahindi.
Mabinti wawili wakajificha nyuma ya kadi zao.
Soma tarehe kwanza. Usipasue kwa meno.
Bana ncha, hewa itoke, vingirisha hadi chini.
Si vaselini, si samli: mafuta hula mpira.
Moja kwa safari moja.
Na wewe usiyenacho, kuna kidonge chako cha kinga,
si aibu kukiomba.
Pima leo, akasema, urudi miezi mitatu,
kwani damu ina kipindi haijajua la kusema,
kinaitwa dirisha.
Nikawaza: tembe la babu yangu
halikuwa na dirisha hata moja,
tuliishi humo gizani, tukidhani tunaona.

Nilitembea kurudi na pakiti tatu
nimezifunga pembe ya kanga, pamoja na sadaka.

Karatasi aliileta mwenyewe, imekunjwa mara nane.
Nikaisoma kwa mwanga wa simu.
Haikuonekana. Neno moja tu. Nilirudia kulisoma.
Hata hivyo tulianza na pakiti zile,
kwa kuwa kichwa changu kilikwisha kusoma,
mwili ulikuwa bado unasoma kwa kidole.
Hakulalamika. Alisema tu, "Gunzi lilifunzwa vizuri,"
na nikacheka kile kicheko
kilichonishinda shambani.

Sasa saa tatu usiku simu yake hulia kama kifaranga.
Kabla hajanyoosha mkono
nimeshamimina maji.
Anakunywa yeye, namalizia mimi.
Kikombe ni kimoja.