Salio la Kuanzia

Barua ilifika siku theluji ilipoziba mlango wa nyuma,
mama yuko dukani anakanda mkate wa iliki
kwa ngumi, kama bibi yake alivyoukanda Ufini.
Nikaisomea stoo, kati ya magunia.
*Tuna furaha kukufahamisha.*
Nikasita hapo kwanza,
kama mtu anayepuliza chai.

Kozi ishirini za miaka miwili
zimepepetwa:
kumi na moja zimebaki kwenye ungo.
Takwimu wameikubali. Uandishi wameukubali.
Wamekubali hata historia ya muziki
niliyoisinzia kila Ijumaa.
Mawe wameyakataa.
Miamba yote, madini yote,
wiki tatu za kambi kando ya Ziwa Superior
nikigonga genge kwa nyundo,
mbu wakinila kama niliowaalika.
Mbele yake wameandika: *haihusiani.*

Nikampigia Bi Delorme, ofisi ya uhamisho.
Sauti yake ilikuwa na mafua.
"Binti, jiwe halimo kwenye shahada ya biashara."
Nikamuuliza, na dhahabu je?
Akacheka, akakohoa, akanielekeza fomu ya rufaa:
kurasa sita, ada dola hamsini, majibu baada ya miezi minne.
Nikapiga hesabu. Sikuijaza.
Nadhani biashara niliianzia hapo.

Profesa Lemieux alitaka kujua kwa nini.
Kucha zake zina vumbi la chuma hata Jumapili.
Nikamjibu habari za ajira, za soko,
maneno ya kuazima.
Sikumwambia habari za sanduku la viatu.

Baba alipoondoka alituachia sanduku la viatu
limejaa stakabadhi, nyingine zimefifia
hadi ukizielekeza kwenye taa huoni kitu.
Nilikaa sakafuni usiku tatu,
unga huku, umeme huku,
deni la tanuri peke yake karibu na paka.
Usiku wa tatu, saa tisa, namba zikakaa sawa
na nikajua: kila mkate
mama anaouza kwa tabasamu
unatula senti arobaini.
Ilikuwa habari mbaya.
Naona haya kusema nilivyofurahi.
Ndiyo furaha ile walioipenda miamba
waliniahidi kwamba ingekuja.

Profesa aliniandikia barua hata hivyo.
"Ana subira. Anajua kusoma kilicho chini."
Nimeifanya alama ya ukurasa.

Sasa ni Septemba, Hamilton, mwendo wa siku nzima na nusu kwa basi.
Nina miaka ishirini na moja, Uhasibu wa Kwanza,
kati ya watoto ambao juzi tu walikuwa na kengele ya mapumziko.
Jaskiran, kulia kwangu, ameniuliza
kama mimi ni msaidizi wa mwalimu.
Zoezi la kwanza: andika salio la kuanzia.
Nimeandika kumi na moja, nikafuta,
nikaandika walichotaka.

Kisha mwalimu akaandika ubaoni: UCHAKAVU.
Mashine hupungua thamani mwaka hadi mwaka,
mpaka sifuri.
Mkono wangu ukainuka wenyewe.
Na kile kilicholika, huenda wapi?
Maana kwa mlima hakuna kinachopotea:
chembe hushuka, hutulia ziwani,
hulaliana tabaka kwa tabaka
hadi ziwe mwamba mwingine.
Darasa kimya. Kalamu ya mtu ikaanguka.
"Kwenye vitabu vyetu," akasema, "huenda gharama."
Akafuta ubao.

Jioni nikampigia mama.
Amepandisha bei, senti hamsini.
Wateja wawili wamenuna;
mzee Kuusisto alinuna hadi Jumatano, akarudi.
Nikasikia anaburuta trei, anaketi,
goti lake likilia.
"Haya, leo wamekufundisha nini huko?"
Uchakavu, nikamwambia.
"Huo," akasema, "ningekufundisha bure."