Gae

Mfinyanzi hulia gaeni, na baba yangu Elvezio
alikula tambi zake juu ya sahani zenye ufa
miaka yote niliyomjua. Nzima zilikuwa za wateja.
Kazi yake, pale Faenza, ilikuwa kuzivika sahani kioo:
anaichovya kwenye rojo jeupe, anahesabu hadi tatu,
anaitoa ikichuruzika kama ndama aliyezaliwa sasa hivi,
tanuri inamalizia. Ukipitisha kidole, hakipati pa kushika.
"Sahani njema," alisema, "ni ile isiyoukumbuka mchuzi."

Kazi yangu mimi ni kinyume chake.
Mtaa wa pili kutoka karakana yake, nyuma ya milango miwili,
nashika kijiti cha zirkonia,
urefu wa punje mbili za mchele,
kigumu, cheupe, baridi, chenye kiburi.
Mfupa ukikigusa huona mgeni asiyepiga hodi:
humzungushia ukuta wa nyama laini, humwacha humo
akicheza-cheza kama jino la mtoto.

Basi namvalisha.
Nasaga madini yale yale ambayo mfupa hujijengea,
kalisi na fosfeti, vumbi laini kuliko unga wa sembe,
nalipuliza kupitia ulimi wa moto
ambao haupaswi kuliyeyusha zaidi ya nusu.
Likiyeyuka lote, mwili utalilamba liishe kabla ya Pasaka.
Lisipoyeyuka, litabanduka kama chokaa ya ukuta wenye chumvi.
Hiyo nusu imenila miaka sita.
Nimekwaruza kwa sindano ya almasi, nimevuta kwa gundi,
nimeandika *limebanduka, limebanduka, limebanduka*
mpaka mkono ukawa unaliandika neno bila mimi.
Na lile lililokubali, chini ya hadubini,
ni nchi mbovu: mabonde, mapango, vichuguu.
Seli ya mfupa hufika pale, hunyoosha miguu, hukaa.

Kisha mwezi Mei mto Lamone uliingia mjini usiku.
Baba alishuka ngazi kuokoa madaftari ya rangi,
akateleza, taya likapiga ukingo wa tanuri.
Meno yake mawili tuliyapata siku ya tatu,
tukizoa matope kwa koleo. Udongo, baba. Udongo ule ule.
Alicheka, kiganja mdomoni,
na toka siku hiyo kiganja hakikuondoka.

Daktari Fosca Ravaioli alimpa kijiti cha mfano akishike.
Alikigeuza kwa dole gumba kama anavyogeuza kikombe,
akapitisha ukucha.
"Hiki hakijamalizwa," akasema. "Kinakwaruza.
Nani amekipaka?"
Nilitazama viatu vyangu.
"Kimeachwa wazi makusudi," nikasema.
Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma saini
chini ya sahani ambayo hakuitarajia.

Miezi mitatu ya supu.
Usiku nilisikia kijiko chake ukutani mwa chumba changu,
nikahesabu. Najua sampuli ngapi zimebanduka.
Sikumwambia. Yeye naye, nadhani, hakuwahi kumwambia mteja
ni sahani ngapi hupasuka tanurini.

Siku ya siku, Fosca aligeuza kioo chake cha mkono
akagonga kijiti kwa mpini wake. Mara moja.
Kilicholegea hutoa sauti ya mti mbichi.
Hiki kililia: ting,
sauti nyembamba iliyopitia taya ikafika sikioni mwake kwa ndani,
mahali ambapo mimi sikuweza kuisikia kama yeye.

Miaka arobaini na minane aligonga sahani hivyo hivyo,
kila moja ikitoka motoni, kichwa upande, macho yamefumbwa.
Aliyafumba. "Tena," akasema,
mdomo wazi, vidole vya daktari ndani, neno likatoka vokali tupu.
Ting.
"Nzima."

Jioni ile alikata ganda la mkate,
akaliweka kwenye sahani yake yenye ufa,
akatafuna upande wa kushoto, polepole,
kiganja kikiwa mezani.