Folda ya Waliopotea

Tandahimba umeme ulikatika saa nne usiku,
msimu wa korosho, gunia bado liko mizanini.
Uliporudi, kompyuta ya chama cha msingi
ikagoma: kioo cheusi, maandishi meupe.
Mfumo wa huria; hakuna wa kumpigia simu.

Somoe akaandika neno la herufi nne,
halina irabu hata moja,
si la kutamka, ni la kutuma.

Likapita tuta kwa tuta ndani ya diski:
Faili hii, nani anaijua?
Jina hili, mwili wake uko wapi?
Nirekebishe?

Hapana, akabonyeza.
Kwanza akanakili diski nzima kwenye ya akiba.
Tukanywa chai ya rangi, ikapoa, tukaimalizia.
Kisha: ndiyo.

Alfajiri, kwenye folda ya waliopotea,
namba tupu, hazina majina.
Akafungua 48213:
*Mchopa Likwata, kilo mia mbili na sita,
daraja la kwanza, hajalipwa.*

Mchopa mwenyewe yuko dirishani,
risiti imelowa jasho, haisomeki.
"Nimo?"

Umo, bwana.
Jina la faili tu ndilo lililopotea.