Jiwe Namba Kumi na Nne

Siku ya kwanza ni ya kuhesabu:
wageni saba, baghala watano, mayai sitini
yaliyoviringishwa nyasi, moja moja, kama vichanga,
na Melitón mpishi anayeyabeba mwenyewe mgongoni,
maana baghala, asema, hana habari na chai ya asubuhi.
Nikawaambia wageni: tembeeni kama mnaokwenda kudaiwa.
Mlima haukimbii, pumzi ndiyo mkimbizi.
Wakacheka.
Kufika adhuhuri hakucheka mtu.

Siku ya pili, kwenye koo la mlima,
mvua ya mawe ikatuchapa masikio.
Torben, mganga wa meno aliyestaafu, mtu wa nchi tambarare,
alitapika kwa adabu, akauomba mlima radhi.
Nikampa majani ya koka atafune.
Matatu yasiyo na doa nikayapulizia pumzi
kuelekea vilele, nikayafukia chini ya kokoto.
"Hilo ni la watalii?" akauliza, midomo imemwiva samawati.
Siku nyingine, ndiyo.
Siku ile upepo ulikuwa ukiniita kwa jina.

Siku ya tatu, magofu.
Miaka mitatu niliyasomea darasani, mjini,
magofu yaliyo juu ya jiko la mama yangu.
Nikanyosha fimbo, nikasema kwa sauti ya mtihani:
tazameni, hapana chokaa, hapana udongo,
jiwe limelikumbatia jiwe, wembe haupenyi.
Wizara imeyapiga namba kwa rangi nyeupe.
Na hapa, kati ya kumi na tatu na kumi na tano, pana pengo.
Namba kumi na nne haijulikani ilipo.

Haijulikani!
Nilisukwa nywele nimekalia namba kumi na nne.
Juu yake tulitwanga viazi vilivyogandishwa na baridi ya Juni.
Juu yake walimketisha baba, usiku aliporudishwa kutoka mgodini,
akavua kiatu kimoja,
cha pili tukamvua sisi.
Simbilisi wamezaliana ubavuni mwake, kwenye joto la majivu,
ukoo baada ya ukoo, bila leseni.
Alikuja afisa mwaka fulani na utepe wa kupimia.
Mama akatandika ngozi ya kondoo juu ya jiwe,
akaketi, akamenya maharage
hata yule bwana akachoka kusimama.
"Bibi yangu alilikuta hapa," aliniambia baadaye,
"na yeye bibi yake alilikuta.
Basi nitafutie wewe msomi: nani alimwibia nani?"
Sijampata.

Jioni wageni wakaingia jikoni wameinama,
moshi ukawatoa machozi ambayo magofu hayakuwatoa.
Torben miguu ilikuwa si yake tena.
Mama akamwona. Akaikunja ngozi ya kondoo,
akalipiga jiwe kofi kama mtu aamshaye mbwa:
"Tiyakuy." Keti.
Akaketi. Akapokea bakuli.
Mkono wake wa kushoto ukashuka ukingoni,
ukapapasa pembe ya kwanza, ya pili, ukasimama.
Mtu aliyepima mapengo miaka arobaini
hahitaji kuonyeshwa jino.
Akaniinulia macho.
Mimi nikatazama supu yangu, nikakuta ina mambo mengi.

Hakusema. Aliomba aongezwe.

Siku ya nne ni ya kuteremka, magoti ndiyo yanayoongea.
Kwenye kona ambapo kijiji kinafichwa na mikaratusi
akanisogelea, fimbo mkononi, taratibu,
kwa Kihispania chake cha kuokoteza:
"Nilda. Lile pengo, linauma?"

Nikafikiri ukuta ule, ulivyosimama karne ngapi
mdomo wazi kwenye baridi.
Nikafikiri ngozi ya kondoo, imerudi mahali pake.
"Likianza kuuma," nikamjibu, "nitakuita."

Chini, mtoni, tukahesabu tena:
wageni saba, baghala watano,
mayai mawili.
Melitón alikuwa bado ameyabeba mgongoni,
akitembea kama anayekwenda kudaiwa.